James Christie (daktari)

James Christie alikuwa daktari kutoka Uskoti aliyefanya kazi mjini Zanzibar katika miaka ya 1860 na mwanzoni mwa miaka ya 1870, akiwa pia daktari wa Sultani. Anajulikana hasa kwa kitabu chake kuhusu magonjwa ya kipindupindu katika Afrika ya Mashariki, kilichotolewa London mwaka 1876, na kwa makala zake kuhusu homa iliyoitwa na wenyeji wa pwani kidinga pepo. Kupitia makala hizo jina la Kiswahili liliingia katika mjadala wa kimataifa juu ya asili ya neno dengue. Baada ya kurudi Uskoti aliishi Glasgow, ambako alihariri jarida la afya ya umma pamoja na machapisho mengine ya kitabibu.

Christie hakugundua kijidudu wala dawa. Kazi yake kubwa ilikuwa kukusanya habari kutoka kwa watu wengi, kuzipima, kuzipanga kwa tarehe na mahali, na kuzitoa zikiwa zimechapishwa ili wengine waweze kuzikagua. Kwa hiyo kazi yake ya udaktari pwani na kazi yake ya uhariri Glasgow zinafanana kuliko zinavyoonekana mwanzoni.

Zanzibar wakati wake

Zanzibar ya miaka ya 1860 ilikuwa bandari kubwa kuliko zote za pwani ya Afrika ya Mashariki. Meno ya ndovu, karafuu, sandarusi na watumwa vilipita hapo. Majahazi yalikuja na upepo wa kaskazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi, yakaondoka na kusi. Ng'ambo ya mkondo wa bahari ilikuwepo mrima, yaani pwani ya bara pamoja na bandari zake: Pangani, Saadani, Winde, Bagamoyo, na nyingine hadi Kilwa. Kila bandari ilikuwa na bara yake. Pangani ilitazama Kilimanjaro na nchi ya Wamasai. Bagamoyo ilitazama Unyanyembe, Ujiji na nchi zilizo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Kilwa ilitazama Ziwa Nyasa. Msomaji anayetaka kuelewa kazi ya Christie anapaswa kuikumbuka ramani hii, kwa sababu ndiyo iliyomwezesha kufuata nyayo za ugonjwa.

Bagamoyo ilikuwa mwanzo na mwisho wa misafara mirefu. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walifika kwa maelfu wakati wa kiangazi, wakapiga kambi nje ya mji na kungoja mizigo ya kurudi nayo. Mwaka 1868 mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni yao hapo na kuwapokea watoto waliokombolewa utumwani. Vijiji vya nyuma ya mji, upande ambako leo ziko kata za bara za wilaya ya Bagamoyo kama Fukayosi, viliuza chakula na kupokea wasafiri. Watu waliolala kambi moja, wakanywa maji ya kisima kimoja na kuondoka kila kundi kwa njia yake, waliweza kuusambaza ugonjwa wowote ulioenezwa kwa maji.

Mji wa Zanzibar wenyewe haukuwa na mifereji ya maana. Taka zilitupwa ufukoni zikingoja maji kujaa, na visima vilichimbwa karibu na vyoo na makaburi. Wageni wengi walilalamikia harufu yake, David Livingstone akiwa mmoja wao. Christie alikuwepo wakati wa utawala wa Sultani Majid, aliyefariki Oktoba 1870, na mwanzoni mwa utawala wa Sultani Barghash. Daktari mwingine Mwingereza mjini alikuwa John Kirk, mwenzake Livingstone wa zamani, lakini Kirk alizidi kuvutwa na kazi za ubalozi.

Kipindupindu cha 1869–1870

Kipindupindu hakikuwa kigeni pwani. Ugonjwa huo ulitoka Bengali mwaka 1817 na kuanza kuzunguka dunia, ukafika Afrika ya Mashariki kwa mara ya kwanza mwaka 1821. Ulirudi mwaka 1836 hadi 1837, kisha 1858 hadi 1859. Richard Burton aliporejea kutoka safari yake ya Ziwa Tanganyika alifika pwani huko Konduchi Februari 1859, akaenda Kilwa na kukuta watu wanakufa kwa kipindupindu. Zamu hizo za awali zilielezwa kwa urahisi: ugonjwa ulikuja kwa bahari, ukifuata biashara na Arabuni na India.

Zamu ya nne ilikuwa na mashaka yake. Kipindupindu kilizuka mjini Zanzibar mwishoni mwa mwaka 1869, wakati majahazi ya kaskazi hayajaanza kufika kwa wingi. Kwa bahati, Mfereji wa Suez ulifunguliwa Novemba mwaka huohuo, na mtu wa haraka angeweza kudai kwamba ugonjwa ulipita humo. Christie hakuridhika na maelezo ya namna hiyo. Habari alizozipata zilionyesha kwamba kabla ya Zanzibar ugonjwa ulikuwa tayari Pangani, na kabla ya Pangani ulikuwa bara, katika nchi ambazo hazina bandari.

Vifo vilikuwa vingi sana mjini na mashambani. Walioumia zaidi walikuwa watumwa, vibarua na maskini wa Ng'ambo, waliokuwa na chakula kidogo na maji mabaya. Daktari mmoja mbele ya ugonjwa wa namna hiyo hakuweza mengi. Dawa ya kweli, yaani kumrudishia mgonjwa maji na chumvi alizopoteza, ilikuwa imejaribiwa Uskoti mwaka 1832 lakini haikukubaliwa kwa jumla, na madaktari wa wakati huo waliendelea kutoa afyuni na madawa mengine yasiyosaidia sana. Alichoweza Christie ni kuandika: nani kaugua, wapi, lini, alitoka wapi, alikunywa maji gani.

Kutoka Zanzibar na mrima ugonjwa uliendelea kusini hadi Kilwa na visiwa vya Komoro, na pia uliingia bara na misafara. Livingstone, aliyekuwa mbali Manyema mwaka 1870, alisikia habari zake kutoka kwa wafanyabiashara. Shehena alizotumiwa na Kirk zilichelewa, na baadhi ya watu waliozibeba walikufa kwa kipindupindu kabla ya kumfikia. Matatizo ya Livingstone ya miaka hiyo, ambayo wasomaji wa Ulaya waliyafuata kwa hamu, yalitokana kwa sehemu na ugonjwa uleule ambao Christie alikuwa akiuandikia daftari.

Jinsi alivyofuata njia ya ugonjwa

Swali lilikuwa: kipindupindu kilifikaje nchi ya Wamasai? Christie aliwauliza watu waliokuwa na jibu, yaani wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu waliokwenda kununua pembe huko bara. Aliunganisha maelezo yao na maandishi ya wamisionari na wasafiri, na taarifa za bandari za Bahari ya Shamu.

Picha iliyotokea ni hii. Mwaka 1865 kipindupindu kiliua maelfu ya mahujaji Makka. Msiba huo uliitisha dunia kiasi kwamba mwaka uliofuata serikali nyingi zilituma wajumbe wao Konstantinopoli kujadili karantini. Lakini wakati wajumbe walipokuwa wakishughulikia meli za Mediteranea, ugonjwa ulikuwa umevuka Bahari ya Shamu na kuingia Afrika kupitia bandari zake za magharibi. Ulipita Uhabeshi, ukateremka kusini kupitia nchi za Wasomali na Waoromo, ukaenda polepole kutoka soko hadi soko na kisima hadi kisima, mpaka ukawafikia Wamasai. Huko uliikuta misafara ya Pangani. Misafara iliporudi pwani mwaka 1869 ilikuja na ugonjwa, na kutoka Pangani hadi Unguja ni safari fupi ya jahazi.

Safari hiyo ilichukua miaka minne kwa miguu ya watu na wanyama, pasipo meli wala reli. Madaktari wengi wa Ulaya walikuwa bado wanaamini kwamba kipindupindu husababishwa na hewa chafu inayotoka katika taka na mabwawa. Hewa chafu haina sababu ya kufuata njia ya msafara, kulala pale msafara unapolala, na kufika bandarini siku ile msafara unapofika. Njia aliyoichora Christie ilikuwa hoja kali dhidi ya nadharia ya hewa, na ilikuwa na nguvu kwa sababu ilitoka mahali ambapo watu wachache wa Ulaya walipajua.

Ugumu wake ulikuwa katika kupima ushuhuda. Karibu kila alichokipata kuhusu bara kilitoka mdomoni mwa watu, na Kiswahili cha wakati ule kilikuwa na majina zaidi ya moja kwa ugonjwa huo: waba, tauni, kipindupindu. Leo tauni ni ugonjwa mwingine kabisa, lakini zamani neno hilo lilitumika kwa gonjwa lolote kubwa linaloua watu wengi kwa pamoja. Mzee aliposema tauni ilipita mwaka fulani, msikilizaji ilimbidi aulize dalili: je, watu waliharisha na kutapika wakafa siku hiyohiyo, au walivimba mitoki? Tarehe pia zilihitaji kufasiriwa. Watu walihesabu kwa mwaka wa Kiislamu, kwa misimu ya pepo, au kwa matukio kama kufariki kwa Sultani fulani. Asiyeyajua hayo angeweza kuchanganya zamu mbili za ugonjwa kuwa moja, au kuigawa moja kuwa mbili.

Mlolongo aliouunda una sehemu zenye ushahidi imara, hasa mwanzo wake Bahari ya Shamu na mwisho wake Pangani na Zanzibar. Katikati, katika nchi za wafugaji, unashikiliwa na masimulizi machache. Hata hivyo wanahistoria wa kipindupindu barani Afrika wameendelea kuutumia kama msingi, kwa kuwa hakuna mtu mwingine aliyeyaandika masimulizi hayo yakiwa bado mabichi.

Kidinga pepo

Kabla mji haujapumzika na kipindupindu, uliingia ugonjwa mwingine. Kuanzia Julai 1870 hadi Januari 1871 watu wa Zanzibar walishikwa na homa ya ghafla, maumivu makali ya viungo na vipele. Haikuua wengi, lakini karibu kila nyumba ilikuwa na mgonjwa. Mtu aliyetoka asubuhi akiwa mzima aliweza kushikwa njiani akashindwa kutembea, na wengine walibaki na maumivu ya magoti na vifundo kwa wiki nyingi baada ya homa kwisha. Wenyeji waliiita kidinga pepo.

Kwa daktari mgeni lilikuwa jambo jipya. Kwa wazee wa mjini halikuwa jipya. Walimwambia Christie kwamba ugonjwa uleule, kwa jina lilelile, ulipita zamani, na hesabu ya miaka ilielekeza kwenye mwaka 1823. Hapa alifanya jambo ambalo si kila daktari wa enzi yake angelifanya: aliwasadiki wazee, akaliandika jina walilolitumia badala ya kulibadilisha kwa jina la Kilatini. Taarifa yake ilitoka katika jarida la kitabibu la Uingereza, British Medical Journal, mwaka 1872, na jina la Kiswahili liliwekwa katika kichwa cha makala.

Wakati huohuo homa ya namna hiyo ilionekana Aden na kisha katika miji ya India, na madaktari huko waliiita dengue, jina lililotoka visiwa vya Karibi, ambako ugonjwa ulienea miaka ya 1827 na 1828. Christie aliulinganisha ugonjwa wa Zanzibar na huo, na mwaka 1881 alitoa makala ndefu katika Glasgow Medical Journal. Hoja yake ilikuwa kwamba ugonjwa wa Zanzibar wa 1823 na ule wa Karibi miaka michache baadaye ni mmoja, na kwamba jina nalo lilisafiri. Dinga aliieleza kuwa ni kukazwa au kushikwa ghafla, na pepo ni pepo mbaya anayedhaniwa kumshika mtu. Watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki waliouzwa utumwani ng'ambo ya Atlantiki walikwenda na neno lao. Wazungumzaji wa Kihispania wa Kuba walilisikia kama dengue, neno ambalo tayari lilikuwepo katika lugha yao kwa maana ya madaha au kujidai, na lilifaa kwa sababu mgonjwa mwenye maumivu ya viungo hutembea kwa kujinyoosha kama mtu anayeringa.

Maelezo haya yamenukuliwa katika vitabu vingi kama jambo lililothibitishwa. Kwa kweli ni dhana nzuri yenye pengo. Hakuna hati inayoonyesha neno likivuka bahari, na wengine huona asili ya Kihispania inatosha yenyewe. Lililo hakika ni kwamba neno lilikuwepo Zanzibar na Christie aliliandika. Tanzania bado inalitumia kwa umbo la kidingapopo, na lilisikika sana wakati wa milipuko ya homa ya dengue Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019.

Kuna kisa kingine. Mwaka 1952 na 1953 homa yenye maumivu makali ya viungo ilienea katika uwanda wa Makonde, wilaya ya Newala, kusini mwa Tanganyika. Virusi vilivyopatikana humo vilikuwa vya aina mpya, na ugonjwa uliitwa chikungunya, neno la Kimakonde lenye maana ya kujikunja. Mwaka 1971 mtafiti wa Marekani Donald Carey alirudi kwenye maelezo ya zamani, ya Christie yakiwemo, akatoa hoja kwamba kidinga pepo ya 1823 na 1870 ilifanana zaidi na chikungunya kuliko na dengue ya leo, hasa kwa sababu ya maumivu ya viungo yaliyodumu muda mrefu. Akiwa sahihi, basi jina la dengue limehamia kwenye ugonjwa mwingine, na pwani ya Afrika ya Mashariki imetoa majina mawili kwa kitu kimoja. Carey aliweza kubishana na Christie kwa sababu Christie aliandika dalili kwa ukamilifu. Kama angeandika jina tu, asingebaki na kitu cha kukagua.

Maoni kuhusu utumwa

Mwaka 1871 maandishi ya Christie kuhusu utumwa wa Zanzibar yalitoka London katika kijitabu kimoja na yale ya Kapteni H. A. Fraser na Askofu William Tozer wa misheni ya vyuo vikuu. Bunge la Uingereza lilikuwa likichunguza biashara ya watumwa mwaka huo, na kijitabu kilikusudiwa kutoa maoni ya wakazi wa Zanzibar. Mchango wa Christie ulieleza maisha ya watumwa mjini na mashambani jinsi alivyoyaona, pamoja na tofauti kati ya mtumwa wa shamba, kibarua anayekodishwa bandarini na mtumishi wa nyumbani. Ni chanzo kinachotumiwa hadi leo, ingawa msomaji akumbuke kwamba mwandishi alikuwa daktari wa Sultani, na ajira ya namna hiyo huathiri macho ya mtu. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa kwa mkataba wa Juni 1873.

Kitabu cha 1876

Kitabu chake, Cholera Epidemics in East Africa, kilitolewa na kampuni ya Macmillan. Kinaeleza zamu za kipindupindu tangu 1821 hadi 1872, na kwa sababu ya namna yake ya kufikiri kimejaa jiografia, makabila na biashara. Mtu anayekifungua akitafuta udaktari hukuta kurasa nyingi za njia za misafara. Lakini kwa Christie mambo hayo ndiyo yaliyokuwa udaktari wenyewe: asiyejua ni nani anauza nini kwa nani, na katika mwezi gani, hawezi kujua ugonjwa utapita wapi.

Kilitoka wakati mgumu kwa nadharia yake. John Snow alikuwa ameonyesha London mwaka 1854 kwamba kipindupindu huenea kwa maji, lakini wengi walikuwa bado hawajakubali. Kijidudu kilikuwa kimeonwa na Filippo Pacini wa Firenze mwaka huohuo wa 1854, na karibu hakuna aliyemsikiliza. Robert Koch alikithibitisha mwaka 1884 baada ya uchunguzi wake Misri na Kolkata. Kwa hiyo mwaka 1876 Christie hakuweza kutaja kijidudu chochote. Aliweza tu kuonyesha kwamba ugonjwa husafiri na watu.

Kosa moja la enzi hiyo linaeleza kwa nini uhariri ulikuwa jambo zito. Mwaka 1855 jarida maarufu la The Lancet, chini ya mwanzilishi wake Thomas Wakley, lilimkejeli Snow vikali kwa sababu hakuunga mkono nadharia ya hewa chafu mbele ya kamati ya bunge. Snow alipofariki mwaka 1858 jarida hilo lilimtaja kwa maneno machache tu, bila kugusa kazi yake ya kipindupindu. Wakley alikuwa mhariri shujaa kwa mambo mengi, aliyefichua uzembe wa hospitali na udanganyifu katika vyakula, lakini hapo alitumia kalamu yake kuuzuia ukweli. The Lancet lilichapisha masahihisho mwaka 2013, miaka 155 baada ya kifo cha Snow.

Uhariri Glasgow

Christie alihamia Glasgow, mji wa viwanda, moshi na vyumba vilivyojaa watu. Ulikuwa pia mji uliokuwa umejifunza somo la maji. Mwaka 1859 Glasgow ilileta maji safi kutoka ziwa Katrine lililo milimani, na kipindupindu kilipopita tena mwaka 1866 vifo vilikuwa vichache mno ukilinganisha na maelfu ya 1848–1849 na 1853–1854. Kwa mtu aliyetoka kwenye visima vya Zanzibar, tofauti hiyo haikuhitaji maelezo.

Huko alihariri The Sanitary Journal, jarida la afya ya umma lililowahusu waganga wa miji, wakaguzi wa usafi na wajumbe wa mabaraza. Wasomaji wake hawakuwa madaktari peke yao, na hili liliamua namna ya kuandika. Mkaguzi anayekwenda kufunga kisima au kumshtaki muuza maziwa anahitaji habari atakayoweza kuisimamia mahakamani, kwa lugha anayoielewa.

Mhariri wa jarida la kitabibu wa karne ya 19 alikuwa karibu peke yake. Utaratibu wa leo wa kupeleka makala kwa wataalamu wawili au watatu waisome kabla haijakubaliwa ulienea baada ya Vita Kuu ya Pili, na majarida mengine makubwa yaliuanza baadaye zaidi. Wakati wa Christie mhariri alipokea barua na makala, akazisoma mwenyewe na kuamua. Aliuliza maswali yaleyale ambayo mhariri mwema huuliza sasa: mwandishi aliona mwenyewe au aliambiwa? Wagonjwa aliowahesabu ni wangapi, na je, waliopona wamehesabiwa pamoja na waliokufa? Ana maslahi gani katika jibu? Je, mgonjwa anaweza kutambuliwa na jirani zake? Kosa likigunduliwa, litasahihishwa wapi? Alilazimika pia kukataa kazi za watu aliowafahamu, na kuchapisha barua za watu waliompinga. Jarida la afya ya umma lilikuwa na ugumu wa ziada, kwa sababu wenye nyumba mbovu na wenye viwanda walikuwa mara nyingi walewale waliokaa katika mabaraza.

Takwimu zilikuwa sehemu kubwa ya kazi hiyo. Uskoti ilianza kuandikisha vifo vyote kwa sheria mwaka 1855, na kila wiki idadi zilitoka mji kwa mji. Zanzibar Christie hakuwa na daftari la namna hiyo. Alihesabu kwa maziko, kwa maneno ya watu na kwa kukadiria. Mtu aliyewahi kuhesabu vifo bila daftari anajua thamani yake akilipata, na anajua pia namna namba inavyoweza kuonekana sahihi kumbe si sahihi.

Agosti 1888 Chama cha Madaktari cha Uingereza kilifanya mkutano wake wa mwaka Glasgow, na Christie alihariri kitabu cha mwongozo kuhusu taasisi za kitabibu za mji huo, yaani hospitali, vyuo na vyama vyake. Ni kazi ya aina ambayo haimpi mtu sifa kubwa, ya kukusanya taarifa kutoka kwa watu wengi wenye shughuli zao na kuhakikisha kila tarehe ni sawa. Bado inatumiwa na wanaoandika historia ya hospitali za Glasgow.

Baada yake

Sultani Barghash aliletea mji wa Zanzibar maji ya chemchemi kwa mabomba katika miaka ya 1880, mradi ambao wakazi waliukumbuka kuliko kasri zake. Kipindupindu kikubwa kiliondoka pwani kwa muda mrefu, kikarudi Tanzania katika miaka ya 1970 na kuendelea kuzuka mara kwa mara.

Afrika ya Mashariki ilipata jarida lake la kitabibu mwaka 1923, lilipoanzishwa Nairobi jarida la madaktari wa Kenya ambalo baadaye liliitwa East African Medical Journal. Kabla ya hapo daktari aliyeona jambo geni Zanzibar, Mombasa au Mengo aliliandikia majarida ya London au Glasgow, akangoja miezi kadhaa kwa meli, na kutegemea mhariri ambaye hajawahi kuiona pwani aamue kama linafaa kuchapishwa. Makala ya kidinga pepo ilipitia njia hiyo. Ugonjwa uliisha Zanzibar Januari 1871, na wasomaji wa Uingereza waliusoma mwaka 1872, wakati homa ilikuwa tayari India.